Besi iliyopanda juu

Mhariri, swali lenu la juma hili linauliza kama vijana wetu wapiga besi wanaoshabikia posti-panki na nyu wevu, muziki uliozuka Uingereza na Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, wanausaliti muziki wa dansi. Nilipolisoma, jibu lilikuwa tayari mdomoni: ndiyo, wanausaliti. Mpwa wangu, ninayeishi naye Tabata, anajua kwamba Joy Division, bendi ya posti-panki ya Uingereza, walitoa santuri yao ndefu ya kwanza mwaka 1979, na anaweza kueleza kila alichopiga humo mpiga besi wao, Peter Hook, lakini ukimwekea Mlimani Park, bendi yetu ya dansi, anatikisa kichwa kwa adabu tu, kama mtoto aliyeitwa sebuleni kusalimia wageni.

Hata hivyo, naomba kwanza niulize langu: mpiga besi anatafuta nini? Katika dansi letu besi haijazi kila nafasi. Inadunda mara mbili tatu, inanyamaza, inaziacha solo, rizimu na tumba zisemezane, kisha inarudi palepale mguu wa mchezaji unapoingoja. Watu huicheza usiku kucha, lakini asubuhi wanayemtaja ni mwimbaji, na wanachokiimba kwa mdomo ni solo. Nilipiga besi miaka 11 katika bendi mbalimbali za mjini hapa, na sikumbuki shabiki aliyewahi kunituza hata shilingi.

Isipokuwa usiku mmoja wa mwaka 1987, Magomeni, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ukumbi umejaa. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na spika ya besi ilikuwa imechanika tangu Alhamisi. Fundi mitambo aliiziba kwa gundi na kipande cha jalada la daftari, akanihakikishia kwamba itafika asubuhi. Haikufika wimbo wa nne. Kila nilipougusa uzi mzito, ulitoka mlio wa nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Niliupunguza mkono, mlio ukabaki. Nikamtazama fundi, naye akatazama pembeni. Basi nikauhamisha mkono wa kushoto mpaka karibu na tumbo la gitaa, nikabaki na zile nyuzi mbili nyembamba, ambako spika ilikuwa bado ina sauti safi. Tulipoingia kwenye chemko, sehemu ya wimbo inayochangamka, nilikuwa nimepata nota nne zinazozunguka, na kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda, nilizizungusha mpaka mwisho wa wimbo. Mpiga solo alinikazia macho kana kwamba nimeingia chumbani kwake bila hodi. Baadhi ya wachezaji walisimama kutazama jukwaani, ila mzee mmoja mwenye suti ya Kaunda aliendelea na mkewe bila kugeuka.

Wakati wa mapumziko kiongozi aliniita. "Bwana mdogo, ile ni besi au solo?" Nikamweleza habari ya spika. Akasema, "Imechanika spika, wewe hukuchanika."

Nilipotoka alfajiri, kijana aliyekuwa akilinda baiskeli mlangoni alikuwa anapiga mluzi. Zilikuwa nota zangu nne. Akanipa baiskeli yangu, akakataa malipo.

Sikumsimulia mtu jambo hilo mpaka mwaka jana, mpwa wangu aliponieleza, tukinywa chai, namna Hook alivyoanza kupanda juu: amplifaya yake ilikuwa duni, gitaa la mwenzake lina kelele, na sauti za chini hazikusikika. Ilinibidi nikiweke kikombe mezani. Nikaanza kuzisikiliza kanda za mpwa wangu kwa makini, na nikakuta kwamba humo besi ndiyo inayobeba wimbo, gitaa likinyunyiza tu pembeni. Nikakuta pia kwamba Jah Wobble, mpiga besi wa bendi ya Uingereza Public Image Ltd, alikuwa mwanafunzi wa rege ya Jamaika, na kwamba Talking Heads wa Marekani, ambao besi yao ilipigwa na Tina Weymouth, walirekodi santuri mwaka 1980 wakiwa wamemsikiliza sana Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria. Hasira yangu juu ya mambo ya Ulaya ikakosa pa kusimama.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, hawausaliti, ingawa nalitoa kwa masharti. Kijana akija kujaribiwa katika bendi ya dansi na kupanda huko juu ilhali spika ni nzima, nitamuuliza lile lile nililoulizwa Magomeni. Nota nne zilizozaliwa na shida si sawa na nota nne za kuiga, japo sina hakika kama mlinzi wa baiskeli angeijua tofauti.

Juzi nilimwomba mpwa wangu gitaa nimwonyeshe. Nilizikumbuka tatu.