Usilipe hiyo oda ya merino: kiini kwanza, rangi baadaye

Dada, usilipe kwanza. Kama oda bado iko kwenye kikapu, ondoa hiyo kilo ya merino, ile sufu laini ya rangi, sasa hivi, halafu urudi tuongee.

Kwa wanaoingia bila kusoma swali: dada yetu yuko Arusha, hajawahi kushika sindano ya felti, ile ya kuchomea sufu mpaka ishikane ikawa umbo gumu, na anataka ifikapo Desemba awe na mapambo ya Krismasi ya kuuza, yaani matufe mekundu ya kutundika kwenye mti, nyota, malaika na kondoo wa hori. Ameuliza sindano namba ngapi, achomee juu ya nini, auze bei gani, na afungashe vipi akituma Dar. Kisha mwishoni kabisa, kama jambo lililokwisha, akasema sufu ameshachagua: merino ya rangi, kilo nzima, nje na ndani, kwa sababu mwenye duka amemwambia "inafaa kwa kila kitu" na kwenye video ameona tufe la merino tupu likitoka zuri.

Hayo maneno niliuziwa mimi pia. Nilikuwa nimepata oda ya duka la zawadi Nairobi, matufe mekundu na kondoo weupe, na malipo ya awali nilikuwa nayo mkononi. Nikaenda kwa muuzaji wa vifaa vya kazi za mikono nikamweleza kila kitu: mimi ni mgeni kwenye kazi hii, natengeneza vitu vya kutundika, nataka viwe vigumu na vidumu. Akanipimia merino. Rangi zote merino, na nyeupe ya kuweka ndani merino vilevile. Malipo ya awali yakaishia pale kaunta, na akiba yangu ikafuata.

Ubaya ni kwamba kasoro yake haijitokezi mapema. Unachoma, unachoma, tufe linakuwa duara, linang'aa, unalipiga picha unafurahi. Ukilibonyeza kwa dole gumba linaingia ndani, kisha linarudi taratibu, na wewe unajiambia huo ndio ulaini wa sufu nzuri. Lisogeze dirishani uliangalie vizuri. Utaona vitundu vya sindano, kila mchomo umeacha kishimo chake. Unachoma tena kuviziba, unapata vingine pembeni. Kati ya vitundu kuna mistari, pale mkanda wa sufu ulipojikunja, na hiyo haifutiki hata ukichoma mpaka mkono ufe ganzi. Kondoo ndio walikuwa msiba wenyewe: shingo ililegea, kichwa kikalala kifuani, miguu ikatanuka kwa uzito wa tumbo.

Duka likatundika. Uzi ukavuta tufe kwa juu, tufe likarefuka likawa yai. Watoto wa wateja wakaminya, alama za vidole zikabaki. Sanduku likarudishwa wiki ile ile ambayo watu wananunua mapambo, nikatakiwa kurudisha malipo ya awali ambayo yalikuwa yameshageuka sufu. Na pambo la Krismasi likikubakia Januari huna wa kumuuzia. Nguo itauzika mwezi ujao, kikapu kitauzika hata Juni. Nyota ya Krismasi inangoja mwaka mzima sandukuni, na nondo hawangoji mwaka. Ndiyo maana nasema hasara ya kazi hii inauma kuliko za kazi nyingine za mikono: ukikosea malighafi, msimu mzima umekwenda.

Yule muuzaji bado ananiudhi. Rafu ya chini, pale pale aliposimama, alikuwa na mifuko ya sufu nyeupe isiyotiwa rangi, imejaa vipande vya majani, bei yake haikaribii ya merino. Niliiona, nikamuuliza. Akasema hiyo ni ya kujazia mito. Ya kujazia mito! Ile ndiyo sufu ya kiini, yaani ya kujaza ndani ya pambo, ndiyo niliyohitaji, na mtu anayeuza sindano za felti hawezi kukosa kujua hilo. Alitazama rangi nilizokuwa nikizishangaa akaona atauza zaidi. Na hao wa video nao wana lawama yao: mkono unaanza kuchoma, picha inaruka, tufe liko tayari. Kilichokatwa pale katikati ndicho ulichotaka kujifunza.

Sasa sikiliza kinachotokea ndani ya sufu, kwa sababu ukikielewa hakuna muuzaji atakayekuyumbisha tena. Sindano ya felti haina tundu la uzi. Ina kingo tatu, nyingine nne, na kwenye kingo kuna vijino vinavyoelekea chini. Ikishuka, vijino vinakamata nyuzi chache vinazisukuma ndani. Ikipanda, inaziacha humo humo. Ugumu unatoka kwenye nyuzi zinazopita kila upande mpaka zikafungana. Merino inayouzwa kwa mkanda mrefu laini imechanwa: nyuzi zimenyooshwa zote upande mmoja, na zile fupi zimeondolewa. Sindano inateleza katikati yake bila kupata nyuzi zilizokingama za kukamata. Tena nyuzi zenyewe ni nyembamba sana, mikroni 24 kushuka chini (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na zina mrudio: ukizibana zinataka kurudi zilikotoka.

Sufu iliyochambuliwa kwa brashi za waya ni kinyume chake. Nyuzi zimevurugwa, ndefu na fupi pamoja, zimelala kila upande kabla hata hujaanza kazi, kwa hiyo mchomo wa kwanza tu unashika. Ikiwa ni ya kondoo wa Corriedale, ambayo ni nene kidogo, mikroni 25 hadi 31 hivi, inashindilika haraka na haidundi. Merino siichukii. Kwa felti ya maji na sabuni ni nzuri sana, na kwa tabaka la juu la pambo lako sijapata inayoishinda kwa rangi. Lakini ibaki juu. Ndani isiingie.

Kanuni ninayokupa ni hii, na ukisahau mengine yote usiisahau: usiweke rangi yoyote juu ya kiini kinachobonyea.

Tuchukue tufe la sentimita 5. Pima gramu 10 hivi za sufu ya kiini. Ivute vipande kwa mikono, usikate kwa mkasi, kwa sababu ncha zilizokatwa hazishikani vizuri. Kunja kipande cha kwanza kwa kukibana sana, huku ukikunja pembeni kuja ndani, halafu choma pale ulipoishia ili kisifunguke. Zungushia kipande kingine kikikingama na cha kwanza, si kufuata upande ule ule. Sindano izame mpaka katikati, itoke kwenye mstari ule ule ilioingilia. Geuza kila michomo michache, la sivyo utapata upande bapa. Tufe litapungua sana mkononi mwako, usishtuke, hewa ndiyo inatoka. Mwanzoni sindano inaingia kimya. Kiini kikikaribia kuiva utasikia sauti ya kukwaruza na utahisi mkono unakataliwa. Hapo bonyeza kwa dole gumba kwa nguvu. Kikiwa kigumu kama chungwa lisiloiva, kimefika. Kikiingia hata kidogo, endelea, hata kama umechoka na hata kama ile nyekundu inakuita.

Uzi wa kutundikia uupitishe sasa, kabla ya rangi: sindano ndefu ya kushonea, toka chini upite katikati mpaka juu, fundo libaki chini. Utafunikwa na rangi, na uzito wote utabebwa na kiini kizima, si na ngozi ya juu. Ndipo uchukue merino nyekundu gramu 2 au 3 tu, uivute iwe nyembamba unayoweza kuona vidole vyako kupitia kwake, uitandaze kwa tabaka zinazokingamana, na uchome kwa kina kifupi. Ukichoma kwa kina kirefu hapo unasukuma nyekundu ndani na kuvuta nyeupe nje, tufe linatoka na mvi.

Umeona hesabu ilivyo? Gramu 10 za ndani, 3 za nje. Gramu 100 za nyekundu zinafunika matufe 30 na zaidi. Wewe ulikuwa unalipia usafiri na ushuru wa kilo nzima ya sufu ya bei kubwa ili sehemu kubwa yake ijifiche mahali ambapo hakuna mteja atakayeiona, na ambapo ndipo inafanya kazi vibaya kuliko sufu ya bei ndogo.

Hiyo ya kiini utaipata wapi? Usikimbilie kondoo wa jirani hapo Arusha. Kondoo mwekundu wa Kimasai na yule wa kichwa cheusi wana nywele fupi, si sufu, na nywele hazishindiliki. Dorper naye hakusaidii. Sufu yenyewe iko kwa kondoo wa nyanda za juu za baridi huku kwetu Kenya, Molo, Mau Narok, Nyandarua, ambako wanafuga Corriedale na Merino. Nanyuki kuna ushirika wa akina mama wa kusokota na kufuma, wanaosokota sufu kwa mikono miaka mingi sasa. Mimi nilivyokuja kujua hivyo, nilinunua manyoya mabichi kwa mfugaji baada ya kukata, kwa fedha ambayo kwa merino ya rangi isingenipatia hata mfuko mmoja wa maana.

Manyoya mabichi yana mafuta na uchafu, na baada ya kuosha karibu nusu ya uzito inaweza kupotea, kwa hiyo pigia hesabu mapema. Loweka kwenye maji ya moto ambayo mkono unayakwepa, na sabuni ya maji ya vyombo. Usiisugue wala kuikoroga. Izamishe, iache, itoe kabla maji hayajapoa, uisuuze kwa maji ya moto wa kiasi kile kile. Ukiipeleka kutoka maji ya moto hadi ya baridi huku unaikamua, itajishindilia yenyewe kwenye beseni na utaitupa. Ikikauka, ichambue. Brashi za kuchambulia zenyewe ni ghali, lakini brashi mbili za waya za kuchania mbwa zinatosha kwa kuanzia. Majani machache yakibaki usisumbuke, ni ya ndani.

Uzi wa dukani unaoitwa sufu mara nyingi ni akriliki. Choma kipande kidogo kwa kiberiti: sufu inanuka nywele zilizoungua, inazimika yenyewe na majivu yake yanapondeka, akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Na kuna mtu hapo juu amekushauri ujazie sufi ya mito ili uokoe fedha. Nimesoma mara mbili nikiomba iwe nimekosea. Sufi ya msufi inateleza, ina nta, nyuzi zake ni fupi na zinavunjika, haitafungana na sindano wala na sufu ya juu. Utakuwa umetengeneza mto mdogo mwekundu. Tafadhali usimsikilize.

Sindano: namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba. Nunua 36 kwa kiini, 38 kwa kuunda umbo, na 40 kwa kumalizia rangi, kadhaa za kila moja, maana zitavunjika. Zilibuniwa kwa mashine za viwandani zinazoshuka na kupanda wima. Ni miaka ya 1980 ndipo Eleanor na David Stanwood wa Massachusetts walipoanza kuzishika kwa mkono kuchongea sufu. Chuma chake hakipindi, kinakatika. Ukiitumia kama wenzo wa kusukumia sufu huku iko ndani, ncha itabaki kwenye tufe, na hilo tufe linakwenda nyumbani kwa mtu mwenye watoto. Ikikatika, itafute ncha mpaka uione, usipoiona tupa tufe.

Wala usilipie mto wa sponji wa kuchomea kutoka nje. Shona kimfuko cha gunia, jaza mchele, funga. Sindano inapita kati ya punje bila kukatika na kimfuko kinakaa miaka.

Kwa hiyo badilisha oda yako hivi: merino nyekundu gramu 100, kijani gramu 50, na sindano. Nyeupe ya malaika na kondoo utaitoa kwenye hiyo hiyo sufu ya kiini uliyoosha vizuri, na kondoo wa sufu yenye mawimbi yake anapendeza kuliko wa merino. Tufe lako la kwanza liache jeupe, ulikate katikati kwa wembe mkali. Likiwa limeshikana sawasawa kuanzia ukingoni mpaka katikati, anza kazi. Ukikuta katikati sufu inavutika kwa vidole, ulichoma juu juu. Chukua 36 uanze lingine, na uweke picha ya hilo lililokatwa hapa tuione kabla hujafungua nyekundu.