Bakshishi ya Berlin si ya Houston

SWALI: Mhariri, nimehamia Berlin kikazi baada ya miaka sita Houston, Texas. Juzi mgahawani nililipa bili ya yuro 48 kwa kadi, nikaacha noti ya 10 mezani kama nilivyozoea. Mhudumu alinikimbilia hadi mlangoni kunirudishia! Nilimkosea? Na mbona bili yenyewe haiji mpaka uililie?
Msomaji, Berlin

JIBU: Hukumkosea. Alidhani umesahau hela zako. Ujerumani bakshishi hutajwa kwa mdomo wakati wa kulipa. Bili ikiwa 27.60, sema "dreißig", yaani thelathini, kabla hajaingiza kiasi kwenye mashine ya kadi. Kwa taslimu, toa 50, taja 30, utarudishiwa 20. Kama hutaki chenji, sema "stimmt so". Ila chunga ulimi: ukimkabidhi noti ya 50 huku ukisema "danke", anaweza kuelewa kwamba chenji yote umemwachia. Asante yako ingoje chenji ifike mkononi.

Asilimia 5 hadi 10 inatosha. Zile 15 hadi 20 za Houston zina sababu yake: sheria ya shirikisho ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, kwa hiyo mteja ndiye anayejazia mshahara. Mjerumani analipwa kima cha chini kama mfanyakazi mwingine yeyote, bakshishi ni ya juu yake. Tena bei ya menyu Berlin imeshabeba kodi. Houston huongezwa asilimia 8.25 mwishoni.

Kuhusu bili: Houston huletwa ungali unatafuna, maana meza ikipata wateja wapya na bakshishi inaongezeka. Hapo Berlin, kukuletea bili hujaiomba ni sawa na kukufukuza. Mwite mhudumu, sema "zahlen, bitte". Atauliza "zusammen oder getrennt?", mnalipa pamoja au kila mtu lake? Mkijibu "getrennt", atazunguka meza nzima akimhesabia kila mmoja alichokula, wala hatanuna.

Na maji. Yale ya bure yenye barafu yaliishia Texas. Ukiagiza "Wasser" tu, mara nyingi huja ya chupa, yenye gesi, na utalipia. Yasiyo na gesi ni "still". Ya bomba ni "Leitungswasser", ambayo baadhi ya migahawa hukataa kuyatoa.