Muulize Fundi wa Plastiki: Vifuniko vinabinuka, kompyuta itasaidia?

SWALI: Kaka, pole na kazi. Ninasimamia zamu katika kiwanda kidogo cha ndoo hapa Vingunguti, Dar es Salaam. Vifuniko vya ndoo za lita 20 vinatoka kwenye mashine vikiwa safi, lakini kesho yake vimebinuka katikati na havifungi. Vibovu tunavisaga na kuvirudisha kwenye mashine, na kila siku lundo la kusaga linakua. Bosi anataka kuagiza kalibu mpya, yaani chuma kinachoipa plastiki umbo la kifuniko. Mtu mwingine anasema tununue programu ya kompyuta inayoonyesha plastiki inavyotiririka. Inasaidia kweli, au ni ya viwanda vya Ulaya tu?

JIBU: Dada yangu, inasaidia sana. Ila msiinunue, na kalibu isubiri kwanza.

Kifuniko cha namna hiyo huwa na ukingo mnene unaong'ata mdomo wa ndoo, na katikati pembamba. Tuseme katikati ni milimita 1.5 na ukingo ni 3. Muda wa kupoa hufuata unene mara unene, kwa hiyo ukingo, ambao ni mnene mara 2, unahitaji muda mara 4. Katikati panakuwa pameshaganda wakati ndani ya ukingo bado kuna moto. Kama mnatumia polipropilini, aina ya plastiki inayotumika sana kwa vifuniko, jueni kwamba kadiri inavyopoa polepole ndivyo inavyosinyaa zaidi. Ukingo unajikaza kama mshipi, na katikati panakosa nafasi, panabinuka. Kusinyaa huko huendelea kwa saa nyingi baada ya kifuniko kutoka, ndiyo maana mnakiona kizuri jioni na asubuhi kimeharibika. Vipimo vichukuliwe kesho yake, si pale mashineni.

Programu hizi huligawa umbo la kifuniko katika vipande vidogo maelfu kwa maelfu, kisha hukokotoa joto, shinikizo na mnato wa plastiki katika kila kipande, tangu inapoingia kwenye kalibu hadi inapotolewa. Mwishoni zinaonyesha kifuniko kitabinuka milimita ngapi na wapi. Si jambo jipya: Moldflow, mojawapo ya programu hizi, ilianzishwa Australia na Colin Austin mwaka 1978. Faida yake kubwa ni kwamba unaona kosa kabla chuma hakijaguswa. Chuma cha kalibu ni rahisi kukikata, ni kigumu kukiongeza. Kupunguza unene wa ukingo kwenye kalibu mliyo nayo maana yake ni kujazia chuma kwa kuchomelea, na kazi hiyo mimi siipendi hata kidogo. Kwenye kompyuta mtu anabadilisha namba tu na kujaribu upya.

Leseni ni ghali na inataka mtu aliyesomea. Watengenezaji wengi wa kalibu wanayo. Bosi akija kuagiza kalibu kwao, aandike kwenye mkataba kwamba hatalipa awamu ya pili kabla hajaona ripoti ya kompyuta yenye umbo lililobinuka na joto la ukingo wakati kifuniko kinatolewa. Picha ya plastiki ikijaza kalibu inapendeza machoni, lakini haijibu swali lenu.

Kuhusu visagwa, yaani vile vibovu mnavyosaga na kurudisha, hapa nawasihi kwa moyo wote. Kompyuta hukokotoa kwa tabia za plastiki ileile uliyoitajia. Wakiweka polipropilini mpya nanyi mkamimina mchanganyiko wenu, ripoti ni ya kifuniko kingine. Polipropilini ikiyeyushwa tena na tena minyororo ya molekuli zake hukatika, inatiririka kwa urahisi zaidi na nguvu inapungua. Ndiyo maana vifuniko vya namna hiyo hupasuka vikianguka sakafuni. Pelekeni mchanganyiko wenu maabara wapime mtiririko: nyuzi joto 230, uzito wa kilo 2.16, gramu ngapi zinatoka kwa dakika 10. Namba hiyo iende kwa mtengenezaji, na kiwango cha visagwa kikishapangwa, operata wa usiku asikiongeze ili kumaliza lundo.

Wakati mnasubiri, fungueni mifereji ya maji ya kupozea iliyo karibu na ukingo. Maji ya kisima chenye chumvi huacha ukoko ndani, na ukoko huzuia joto kutoka. Usafisheni, kisha niandikie unene wa ukingo na wa katikati kwa kipimo cha venia, pamoja na jina la plastiki lililoandikwa kwenye mfuko. Nikiona namba hizo nitawaambia kama kalibu ya zamani inafaa kuokolewa.