Ripoti za mauzo kwenye kompyuta ya GB 8: nichukue kanzidata ipi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mhasibu wa duka la jumla Kariakoo, tuna matawi manne hapa Dar. Kila mwezi mfumo wa mauzo unanitolea faili za CSV (jedwali lililoandikwa kama maandishi matupu). Kwa miaka mitatu zimefika mistari milioni 9, na Excel haizimudu. Natafuta kanzidata (programu ya kutunza na kuchambua data) nyepesi ya kukaa kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, isiyohitaji seva. Nimetajiwa SQLite, H2 na Redis. Kompyuta yangu ni ya mezani, RAM GB 8.

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Excel inaishia mistari 1,048,576 kwa karatasi moja, kwa hiyo umefanya vema kutafuta njia nyingine.

Redis iache. Inatunza vitu kwa ufunguo na thamani yake. Kujumlisha mauzo kwa tawi na kwa mwezi si kazi yake. H2 inawafaa zaidi wanaoandika programu kwa Java.

SQLite naipenda sana, na ukiifungua kwa jina :memory: data yote inakaa kwenye RAM. Shida ni kwamba inapanga data mstari kwa mstari. Ripoti yako inataka tawi, tarehe na kiasi tu, lakini ili izipate kolamu hizo tatu italazimika kupitia mistari yote milioni 9 pamoja na kolamu usizozihitaji.

Ndiyo maana nakushauri uchukue DuckDB. Ilianzia CWI, taasisi ya utafiti ya Amsterdam, ikatoka mwaka 2019, na ni ya bure. Yenyewe inapanga data kolamu kwa kolamu, haihitaji seva, na inasoma CSV moja kwa moja:

SELECT tawi, sum(kiasi) FROM 'mauzo_*.csv' GROUP BY tawi;

Hapo imesoma faili zako zote kwa mpigo na kujumlisha kiasi kwa kila tawi. Lakini kabla hujaiamini ripoti, kagua mambo mawili. Tarehe 03/04/2024 kwetu ni tarehe 3 Aprili, na programu inaweza kuielewa kuwa Machi 4; tumia read_csv na uitajie dateformat = '%d/%m/%Y'. Namba za simu za wateja nazo zitachukuliwa kuwa tarakimu za hesabu, ile sifuri ya mwanzo ipotee. Iambie kolamu hiyo ni VARCHAR, yaani maandishi. Makosa ya aina hii hayaleti onyo lolote kwenye skrini, na bosi akishaipokea ripoti ni vigumu kuyarudisha nyuma.

Sasa hilo la kuweka kila kitu kwenye RAM, naomba ulifikirie upya. Umeme ukikatika, kilichokuwa kwenye RAM kimekwenda, na kompyuta ya mezani haina betri. Hifadhi data kwenye faili moja, tuseme mauzo.duckdb, DuckDB itavuta kwenye RAM kile tu swali linachokihitaji, na kasi utaiona. Isipowekewa mpaka inaweza kuchukua hadi asilimia 80 ya RAM, nawe una Excel na kivinjari vimefunguliwa pembeni, kwa hiyo anza na SET memory_limit = '4GB';

Mauzo ya kaunta yaendelee kuingia kwenye mfumo wenu uleule. Faili ya DuckDB inaandikwa na programu moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo haifai watu wa matawi manne kuuza humo. Wewe ingiza CSV mpya kila mwisho wa mwezi, na wenzako wanaotaka kuangalia tu waifungue kwa hali ya kusoma pekee ukishamaliza kuandika.