Kabla hujabonyeza "Skani": DPI, rangi na uzito wa faili

Ukifungua programu ya skana unakutana na mlolongo wa namba za DPI: 75, 150, 200, 300, 600, 1200. Wengi hufanya moja kati ya mawili. Ama wanaacha kama walivyoikuta, ama wanaivuta hadi juu kabisa wakijua kikubwa ndicho kizuri. Wa kwanza anaishia na cheti ambacho maandishi ya muhuri hayasomeki. Wa pili anaishia na faili la MB mia na ushee ambalo halipiti kwenye barua pepe, na skana inayojikokota ukurasa mmoja tu hadi mtu anachoka kusubiri. Nina miaka na skana ya mezani, naskani albamu za ukoo na nyaraka ambazo watu huniletea, na swali huwa ni lilelile: niweke ngapi? Jibu langu siku hizi ni swali pia: hiyo picha unaenda kuifanyia nini?

Ukishajua kazi yake, kilichobaki ni hesabu ya kuzidisha.

DPI ni idadi ya nukta ambazo skana inasoma katika kila inchi moja ya karatasi, na inchi ni sentimita 2.54. Chukua picha ya kawaida ya albamu, sentimita 10 kwa 15, yaani takriban inchi 4 kwa 6. Ukiiskani kwa 300 unapata pikseli, yaani nukta zinazounda picha kwenye faili, 1200 kwa 1800. Hiyo inatosha kabisa kuichapa tena kwa ukubwa uleule na kuitazama kwenye simu. Unataka kuikuza mara mbili kila upande uitundike ukutani? Basi zidisha DPI mara mbili: 600, upate 2400 kwa 3600. Kanuni ninayoitumia ni hiyo tu: 300 mara kiasi unachotaka kukuza.

Sasa angalia kinachotokea kwa picha ndogo, maana hapo ndipo watu huumia. Picha ya pasipoti yenye milimita 35 kwa 45 ukiiskani kwa 300 inatoa pikseli 413 kwa 531. Kwenye skrini ya simu ya kisasa hata upana haijazi bila kuvutwa, na ikivutwa inakuwa ukungu. Na mara nyingi kapicha hako kalikobandikwa kwenye kitambulisho cha zamani ndiko pekee kalikobaki ka babu au bibi. Usikaonee. Kaskani kwa 1200, upate 1654 kwa 2126, na utakuwa na pikseli za kutosha kukachapa kwa sentimita 14 kwa 18. Kadiri kitu kilivyo kidogo, ndivyo DPI inavyopanda; watu hufanya kinyume, kitu kidogo wanakipa namba ndogo.

Filamu hasi ndiyo mfano wa mwisho wa kanuni hiyo. Fremu moja ya filamu ya 35 mm ina milimita 24 kwa 36 tu. Kwa 300 utapata pikseli 283 kwa 425, ambazo hazina kazi. Anzia 2400, na uwe na skana yenye taa kwenye kifuniko, kwa sababu filamu inahitaji mwanga unaopita ndani yake. Skana ya kawaida humulika kutoka chini tu.

Kwa upande mwingine, picha iliyochapwa kwenye karatasi ina kikomo chake. Ukishavuka 600 kwa picha ya albamu, kinachoongezeka zaidi ni nyuzi za karatasi, mikwaruzo na vumbi, wala si sura ya mtu. Tena ukizidisha DPI mara mbili, pikseli zinazidi mara nne. Ukurasa wa A4 kwa 300 una pikseli 2480 kwa 3508, na kwa rangi kamili ni kama MB 26 kabla ya kubanwa, yaani kabla programu haijalifanya faili kuwa jepesi. Peleka 600, inakuwa MB 104. Na kama skana yako inajinadi kwa namba za ajabu kama 9600 au 19200, tafuta kwenye maelezo yake namba ya DPI halisi, ile inayosomwa na kihisi chenyewe. Iliyozidi hapo ni nukta ambazo programu inazikisia kati ya nukta mbili za kweli. Zinaongeza uzito, hazileti kitu kipya.

Rangi: mahali faili linapopungua bila maumivu

Mtu akiniambia faili lake ni zito, kabla sijagusa DPI naangalia kwanza ameskani kwa rangi gani. Ukurasa uleule wa A4 kwa 300, ambao kwa rangi ni MB 26, kwa kijivu ni MB 8.7, na kwa nyeusi na nyeupe tupu ni kama MB 1.1, yote kabla ya kubanwa. Mkataba wa kurasa ishirini ulioandikwa kwa wino mweusi hauna sababu ya kubeba rangi.

Ila hiyo "nyeusi na nyeupe" ina mtego. Kwenye skana haimaanishi picha ya zamani isiyo na rangi. Inamaanisha kila nukta ama ni nyeusi tii ama nyeupe pe, hakuna kati. Picha ya bibi arusi wa mwaka 1960 ukiiweka hapo inatoka kama doa la wino lenye macho. Picha za zamani za namna hiyo mimi huziskani kwa rangi, hata kama hazina rangi: karatasi imeshageuka manjano, pengine kuna doa la chai, na doa lenye rangi yake ni rahisi kulitofautisha na kivuli cha uso unapokuja kusafisha picha. Ukishaigeuza kijivu, doa na kivuli vinakuwa kitu kimoja.

Muhuri nao una mambo yake. Chukua barua yenye muhuri wa zambarau uliofifia, umegongwa nusu juu ya saini ya bluu. Kwa nyeusi na nyeupe tupu, programu ina kizingiti: kilichokoza kuliko hapo kinakuwa cheusi, kilichofifia kinafutika. Muhuri unafutika. Unasogeza kizingiti ili urudi, unarudi kweli, lakini umekuja na wenzake: kila kunjo la karatasi na kila kijidoa sasa ni nukta nyeusi, na saini imezama ndani ya muhuri hadi huwezi kujua upi ni upi. Kwa rangi, 300, vyote viwili vinakaa mahali pake na mwenye kukagua anaona wino mbili tofauti. Nyaraka zote zenye mihuri na saini, ziwe za rangi. Stakabadhi zilizofifia na barua za penseli, kijivu. Maandishi safi ya printa, nyeusi na nyeupe tupu, kwa 300 au zaidi. Ukishuka hapo herufi zinakuwa na meno kama msumeno.

Kama unataka kompyuta isome maandishi ili uweze kuyatafuta au kuyanakili, 300 ndiyo namba ya kuanzia. Herufi zikiwa ndogo sana, kama za tanbihi au kamusi, panda 400 hadi 600.

Kile kitelezi cha "ubora"

Hiki ndicho kinachochanganywa na DPI, na ni vitu viwili mbalimbali. DPI inaamua nukta ngapi zinasomwa. Ubora, ukihifadhi kwa JPEG (ile aina ya faili la picha linalobanwa), unaamua ni kiasi gani cha zile nukta kinatupwa ili faili liwe jepesi. JPEG hukata picha katika vigae vya pikseli 8 kwa 8, na katika kila kigae inaacha vile vijimambo ambavyo jicho halivijali sana. Kwenye shavu la mtu au anga hutaona tofauti. Kwenye herufi utaona mara moja: pembeni mwa kila mstari mweusi kunakuwa na uchafu wa kijivu, kama mtu amefuta kwa kifutio kibovu.

Kwa picha, mimi hukaa kati ya 85 na 90 kwenye kipimo cha 100. Juu ya hapo faili linanenepa kwa faida ndogo. Angalia tu kipimo cha programu yako, maana si wote wanahesabu hadi mia. Photoshop, kwa mfano, huishia 12, na 8 ya huko si 8 ya kwingine.

Sasa tuseme mfumo wa maombi unakuambia faili lisizidi MB 1 kwa kila cheti. Wengi huvuta kitelezi cha ubora hadi 30 na kuacha mengine yote. Usianzie huko. Anza na kukata kingo: lile eneo tupu la kioo lililo nje ya karatasi nalo linahesabiwa. Kisha angalia rangi kama inahitajika. Kisha punguza pikseli, kutoka 300 kwenda 200, ambayo kwa A4 ni 1654 kwa 2339 na maandishi ya kawaida bado yanasomeka vizuri. Ubora uguse mwisho, na usishuke sana chini ya 70 kama kuna maandishi. Ukurasa wa 200 wenye ubora wa 80 husomeka kwa raha kuliko wa 300 uliokamuliwa hadi 30.

Kuna jambo jingine kuhusu kubana ambalo linastahili kujulikana na yeyote anayeskani hesabu. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kwamba baadhi ya mashine za kunakili na kuskani za Xerox WorkCentre zilikuwa zikibadilisha tarakimu katika nyaraka zilizoskaniwa. Ramani ya nyumba ilikuwa na vyumba vya meta za mraba 14.13, 17.42 na 21.11, nakala ikatoka na 14.13 katika vyote vitatu. Hakukuwa na ukungu wala doa, namba zilikuwa safi kabisa, ila si zenyewe. Chanzo kilikuwa mbinu ya kubana iitwayo JBIG2: inatafuta vipande vinavyofanana kwenye ukurasa, inahifadhi kimoja, kisha inakibandika kila mahali. Herufi zikiwa ndogo, 6 na 8 zinafanana vya kutosha kuidanganya. Xerox ilitoa marekebisho ya programu, lakini somo kwangu limebaki: kwenye nyaraka zenye namba sichagui kamwe ile PDF ya "ndogo kabisa", na nikimaliza nalinganisha tarakimu chache na karatasi yenyewe.

Skani mara moja, punguza mara nyingi

Kwa picha za familia, weka nakala mama. Ihifadhi kwa TIFF au PNG, aina za faili ambazo hazitupi kitu, kwa DPI uliyoipigia hesabu, na usiiguse tena. Kutoka kwake toa nakala za JPEG za kila kazi: ya kutuma, ya kuchapa, ya kuweka mtandaoni. JPEG ukiifungua, ukaihariri na kuihifadhi tena, inabanwa upya, na kila mzunguko unaondoka na chake. Kushuka kutoka kubwa kwenda ndogo ni sekunde chache. Kupanda hakuwezekani bila kurudi kwenye albamu, na albamu yenyewe pengine iko kwa shangazi mwingine wakati huo.

Zile huduma za moja kwa moja za programu, kama kunoa picha, kuongeza ukali wa rangi na kuondoa mikwaruzo, mimi huzizima wakati wa kuskani nakala mama. Hayo unaweza kuyafanya baadaye kwenye nakala, na ukijuta unarudi kwa mama. Isipokuwa moja: picha za kwenye gazeti au jarida. Hizo zimechapwa kwa vijinukta, na vijinukta hivyo vikigongana na nukta za skana vinazaa mawimbi yanayokera macho. Hapo washa chaguo la kuondoa nukta za uchapaji, au skani kwa 600 kisha ipunguze hadi nusu. Na kama upande wa pili wa ukurasa unajitokeza, weka karatasi nyeusi nyuma yake.

Ukitumiwa sharti la "picha iwe 300 DPI", uliza ukubwa kwa pikseli au sentimita. Namba ya DPI iliyoandikwa ndani ya faili ni lebo tu ya kuiambia printa. Picha ya pikseli 600 kwa 600 ukiibadilisha lebo kutoka 72 kwenda 300 bado ni pikseli 600 kwa 600.

Kutuma nako kuna namna. Gmail inaishia MB 25 kwa viambatisho. WhatsApp ukiituma kama picha ya kawaida inaibana upya, na kazi yako yote ya DPI inaishia hapo. Itume kama faili la nyaraka.

Mwisho, kabla hujairudisha picha kwenye albamu, fungua faili kwa asilimia 100 na uipitie kutoka kona hadi kona. Angalia macho, angalia maandishi madogo kabisa. Ukiona unywele unaokatiza shavu, tazama picha yenyewe. Kama haupo, uko kwenye kioo: futa kwa kitambaa laini kikavu, skani upya sasa hivi wakati mipangilio bado iko palepale.