Maswali Yenu: Mkono Unatoka Kwenye Sufuria Kabla Hujajua Umeungua

Toleo lililopita niligusia refleksi kwa mistari michache tu, basi maswali yakamiminika. Nimechagua haya, mengine subirini.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha pili, tuliambiwa tutaje mifano 5 ya refleksi za kila siku. Rafiki yangu kaandika golikipa kudaka penati na dereva kukanyaga breki, ticha kampa kosa zote mbili. Mbona na zenyewe ni za haraka? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Ticha yuko sahihi bana, mpeni haki yake. Haraka peke yake haitoshi. Refleksi mwili unajibu wenyewe, hujaamua wala hujafanya mazoezi. Ukigusa sufuria ya moto taarifa inakimbia na neva ya mkono mpaka kwenye uti wa mgongo, na amri inatokea hapohapo, misuli inakunja mkono unatoka, huku ubongo ndo kwanza unaletewa habari, ndo maana unaanza kuvuta mkono halafu ndo unapiga yowe. Ni kama mwenyekiti wa mtaa kumaliza kesi palepale halafu wilayani anapeleka taarifa tu.

Sasa golikipa. Penati ikipigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa inatumia kama sekunde 0.4 kufika golini, na mtu kuona kitu mpaka mwili uanze kujibu ni kama sekunde 0.2, kwa hiyo muda umeshaliwa nusu hajaruka bado, ndo maana makipa wengi wanachagua upande mapema. Yote hiyo ni kazi ya ubongo na miaka ya mazoezi. Dereva hivyohivyo, mkalishe kwenye usukani mtu ambaye hajawahi kuendesha uone kama mguu utaenda kwenye breki wenyewe. Watangazaji wa mpira wanaosifia "refleksi za kipa" tunawasamehe, mtihani hausamehi.

Andikeni: mkono kutoka kwenye moto, jicho kufumba mdudu akija, mboni kusinyaa ukimulikwa tochi, chafya, na kukohoa ukipaliwa. Na kuna mmoja wengi wanausahau, ukikanyaga mwiba mguu ule unajikunja na wakati huohuo mguu wa pili unakakamaa kubeba uzito usije ukaanguka. Hujapanga wewe hayo.

SWALI: Mwalimu mi ni mama lishe, kama mkono unajitoa wenyewe mbona naipua sufuria ya ugali inaniunguza na siiachii? (Buguruni, Dar)

JIBU: Swali zuri kuliko yote mwezi huu. Ubongo hauulizwi mwanzo lakini ukijua mapema unaweza kuzuia. Wewe unajua sufuria ni ya moto, unajua ukiiachia ugali wa wateja uko chini, basi ubongo unatuma zuio kwenye uti wa mgongo kabla hata hujashika. Ile ya kugusa jiko bila kujua huwezi kuizuia kwa sababu taarifa bado iko njiani. Ila dada yangu, ngozi inaungua vilevile hata kama hujaachia, tumia tambara.

Na hizo neva za kuzuia usizidharau. Sumu ya pepopunda kazi yake ni hiyo, inazifungia zisifanye kazi, matokeo yake refleksi zinakosa breki, mgonjwa akisikia mlango umebamizwa au akiwashiwa taa tu mwili mzima unakakamaa, ndo maana wagonjwa wale wanawekwa sehemu tulivu isiyo na mwanga mkali.

SWALI: Mwanangu ana wiki 3, nikimlaza anatupa mikono juu kama anaanguka halafu analia. Mama mkwe anasema ni dege, tumpeleke kwa mganga. Naogopa kumbishia. (Tanga)

JIBU: Hongera kwa mtoto, na mama mkwe msalimie sana. Usimbishie, mwonyeshe. Mwambie amshushe mtoto taratibu, kichwa na mgongo vimeshikwa vizuri mpaka viguse godoro, aone kama mikono itarushwa vile. Mtoto mchanga kichwa kikishuka ghafla au akisikia kishindo anafungua mikono, vidole vinatanuka, halafu anairudisha kifuani kama anakumbatia na kilio juu. Daktari wa watoto Ernst Moro aliielezea mwaka 1918 na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Inapotea yenyewe mtoto akifika miezi 4 hadi 6. Kwa kweli wakunga wanaitafuta kwa makusudi, mtoto asipokuwa nayo kabisa ndo wanapata wasiwasi.

Dege ni kitu kingine. Hapo mtoto anatingishika mfululizo bila kushtuliwa, ukimshika mkono haiachi, macho yanaweza kukodoa au kupinduka, rangi inaweza kubadilika. Hilo ni la hospitali siku hiyohiyo, hakuna kusubiri kesho. Pia kama anarusha mkono mmoja tu kila mara mpeleke, huenda neva au mfupa wa bega uliumia wakati wa kuzaliwa, na kama miezi 6 imepita bado anashtuka vilevile mpeleke. Mengine yote utakayoona, kukamata kidole chako kwa nguvu, kugeuza mdomo ukimgusa shavu akitafuta ziwa, ni refleksi za kawaida kabisa za umri wake.

SWALI: Habari Mwalimu, daktari alinigonga goti na kanyundo, mguu haukuruka. Hakusema kitu, akaandika tu. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. (Nakuru, Kenya)

JIBU: Pole, na ulikuwa na haki ya kumuuliza ameandika nini. Kile kinyundo kinagonga kano iliyo chini ya pia ya goti, msuli wa paja unavutika kidogo na uti wa mgongo unaujibu ujikaze, mguu unaruka. Njia yake ni fupi mno, neva moja inaleta, nyingine inapokea na kurudisha, msuli unaanza kujibu hata sekunde 0.05 haijafika. Wajerumani wawili, Erb na Westphal, waliandika habari zake mwaka mmoja, 1875, kila mtu kivyake.

Sasa mtu akikaza mguu, au akiwa anakodolea macho goti lake kusubiri liruke, mara nyingi haitoki. Kuna ujanja wa zamani, ambiwa ufunganishe vidole vya mikono miwili uvute kwa nguvu, goti ligongwe hapohapo, wengi linaruka. Na wapo wazima kabisa ambao yao ni hafifu toka zamani. Daktari anachotafuta zaidi ni tofauti ya kulia na kushoto, au ikipungua wakati mwanzo ilikuwepo, mfano watu wa kisukari huwa ya kisigino inapotea kwa sababu neva za miguu zimeumia. Ikiruka kupita kiasi nayo siyo nzuri, inaweza kuwa shida iko kwenye ubongo au uti wenyewe. Rudi umuulize, swali moja tu litakurudishia usingizi.

SWALI: Nikitoka ndani nikakutana na jua napiga chafya, kila siku. Ni mafua? (Mwanza)

JIBU: Hapana, nayo ni refleksi. Umeirithi, muulize baba au mama. Watafiti wanakadiria asilimia 18 hadi 35 ya watu wako kama wewe. Ukiwa unaendesha pikipiki vaa miwani ya jua kabla hujatoka kivulini, basi.

SWALI: Mbona nikiona tu embe bichi la pilipili mate yananijaa, na sijala? (Zanzibar)

JIBU: Hii ni ya kujifunza. Chakula kikiwa mdomoni mate yanatoka, hiyo umezaliwa nayo. Ya kuona tu umeizoesha wewe, kama mbwa wa Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, waliotokwa mate wakisikia sauti iliyozoea kuja na chakula. Mtu ambaye hajawahi kuonja embe hilo mpitishie sinia zima, mdomo mkavu.

SWALI: Kuku tukishamchinja anarukaruka, mwanangu analia anasema bado mzima tumemwonea. Nimjibuje? (Kigoma)

JIBU: Mwambie ubongo umeshakosa damu, haujui kitu tena. Mabawa na miguu vinaendeshwa na uti wa mgongo, na zuio la kutoka kichwani limeondoka, kwa hiyo unafyatuka ovyo mpaka uishiwe nguvu. Usimsimulie ile ya Colorado, Marekani, mwaka 1945 jogoo alikatwa kichwa akaishi miezi 18 akilishwa kwa bomba kooni, maana shoka lilibakiza kipande cha chini cha ubongo, hatakula nyama tena huyo. Siku ya kuchinja mtume dukani akalete binzari.