Barua kwa mwanangu: nianze na kazi au nianze na chumba?

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika. Sisi huku hatujambo, na mafua ya baba yako yamekwisha ingawa bado anayatumia kukwepa kazi za nyumbani.

Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Umesema mwaka ujao chuo hakitakupa tena nafasi bwenini. Umesema kuna chumba umekiona nje ya mji, kodi yake nafuu sana, na kwamba wenzako watatu nao wanakuita mpange nyumba pamoja. Umesema utatafuta kazi ya saa 25 kwa wiki. Halafu ukauliza: "Mama, nianze na kazi au nianze na chumba?"

Anza na saa zako. Hivyo viwili vyote vinalipwa kwa saa, na saa ndizo ambazo hujazihesabu.

Wiki ina saa 168, hata kwa tajiri. Ukilala saa 8 kila usiku, 56 zimeondoka. Una vipindi vya saa 18, na ukifuata ule ushauri wa zamani wa kujisomea saa 2 kwa kila saa ya darasani, hizo ni 36 nyingine. Jumla 110. Zinabaki 58, na humo ndimo utaoga, utapika, utafua, utasafiri, utaugua, utasali, na utakaa tu bila kufanya lolote, jambo ambalo wewe tangu mdogo lazima ulipate la sivyo unanuna. Ukitoa 25 za kazi unabaki na 33, yaani hazifiki 5 kwa siku. Mimi ningekupa 12. Ukibanwa sana, 15. Najua utasema wapo wanaofanya 30 na wanafaulu. Wapo. Waulize wanapata saa ngapi za usingizi.

Sasa kodi nayo igeuze iwe saa. Usiniambie chumba ni bei gani, niambie kinakula saa ngapi. Kazi ya saa 12 kwa wiki inakupa wastani wa saa 52 kwa mwezi. Chukua kodi, igawanye kwa malipo ya saa moja. Likitoka jibu la 60, chumba hicho kimekushinda kabla hujanunua hata sabuni. Wanaofundisha bajeti hupenda kusema kodi isizidi theluthi ya kipato. Kwa mtu wa mshahara, sawa, lakini kwa mwanafunzi wa saa 12 theluthi hiyo hainunui hata banda. Tutakuongezea kutoka huku kama tulivyoahidi, ila jumlisha fedha yetu baada ya kuona hesabu yako mwenyewe, usije ukalificha shimo kwa hela yetu.

Turudi kwenye chumba cha nje ya mji. Umesema ni dakika 40 kwa basi, tena umesema "tu". Kwenda na kurudi siku 5 ni dakika 400. Chumba kilicho mwendo wa dakika 10 kwa miguu kinakula 100. Tofauti ni saa 5 kwa wiki, karibu saa 22 kwa mwezi, na nauli sijaigusa. Basi pima: unafuu wa kodi unazidi malipo ya saa 22 pamoja na nauli? Ukizidi, kachukue, sitakuzuia. Usipozidi, hicho cha mbali ndicho ghali.

Nalijua hili kwa miguu yangu. Nilipokuwa na umri wako nilipanga mbali kwa tamaa hiyohiyo, nikapata kazi ya kuosha vyombo katika mgahawa mmoja karibu na chuo. Zamu iliisha saa tano usiku. Basi la mwisho lilipita saa tano kasorobo. Kila jioni ilinibidi nichague: niombe kuondoka masufuria yakiwa bado yamelowekwa, au nibaki nimalize kisha nitembee saa nzima na ushei, mikono inanuka sabuni, viatu vimelowa. Msimamizi alinivumilia wiki tatu. Wiki ya nne jina langu halikuwemo kwenye ratiba ya zamu, na hakuna aliyenieleza kitu. Kwa hiyo ukishapata kazi, kabla ya kukubali chumba, simama kituoni saa ile zamu inapokwisha uone kama basi linakuja. Ratiba iliyobandikwa usiiamini sana.

Kuhusu mahali pa kutafuta. Mji unaoishi kwa chuo una kalenda yake. Wanafunzi wote huhangaikia vyumba katika wiki zilezile mbili tatu kabla ya masomo kuanza, na wiki hizohizo ndizo wanazogonga kila duka kuomba kibarua. Wenye nyumba wanaijua kalenda hiyo kuliko sisi. Ukifika wakati huo utapewa masalia kwa bei ya vinono. Vyumba vizuri na kazi nzuri katika mji wa namna hiyo mara nyingi havifiki kwenye matangazo: anayemaliza masomo anamwachia anayebaki. Basi sasa hivi, miezi kadhaa kabla hawajaondoka, tafuta watu wa mwaka wa mwisho. Waulize wanaishi wapi na wanafanya kazi wapi, na nani atachukua nafasi zao. Waulize pia yale ambayo dalali hawezi kukuambia: bomba likivuja mwenye nyumba anakuja baada ya siku ngapi? Mpangaji aliyetoka alirudishiwa dipoziti yake yote, au alikatwa "gharama za usafi"? Mtu anayefungasha mizigo husema kweli, hana sababu ya kumpamba mtu.

Ukikosa kabisa, jishikize kwa mtu kwa muda mfupi. Mwezi mmoja baada ya kufungua, wapo watakaoacha masomo, watakaogombana na wenzao, watakaoacha kazi kwa kuwa walijipa saa 25. Nafasi hufunguka, na mwenye chumba kitupu wakati huo husikiliza anapobembelezwa.

Angalia pia urefu wa mkataba. Mwaka wa masomo unaweza kuwa miezi 9 na mkataba ukawa wa 12, ukajikuta unalipia kitanda kitupu likizo nzima. Uliza kama unaruhusiwa kumpangisha mtu mwingine miezi hiyo, na ruhusa iwe ya maandishi. Au baki ufanye kazi. Likizo wenzako wakiondoka zamu zao zinabaki wazi, na asiyepewa saa 12 wakati wa masomo anaweza kupewa 35. Hapo ndipo pa kuzirundika saa zako, mwanangu, si wiki ya mitihani.

Sasa hao wenzako watatu. Kupanga pamoja ni nafuu, sikatai, lakini nataka ujue mnasaini nini. Mkataba mmoja wenye majina manne mara nyingi maana yake kila mmoja wenu anadaiwa kodi yote, si robo yake. Sisi tulikuwa watatu. Mmoja aliondoka mwezi wa tano, akasema anakwenda kumwona mgonjwa, hakurudi. Mwenye nyumba hakumtafuta yeye. Alikuja kwetu na karatasi, akaweka kidole juu ya neno "kwa pamoja", akakaa kwenye kiti chetu akingoja. Tulilipa pengo lile miezi minne. Rafiki yule bado namkumbuka kwa mapenzi, lakini fedha yangu hakunirudishia hadi leo. Kama mwenye nyumba yupo tayari kuandika mkataba wa kila chumba peke yake, pokeeni hata kodi ikipanda kidogo. Akikataa, basi ninyi wanne muandikiane yenu: anayetaka kuondoka atoe taarifa mapema na amlete wa kuchukua nafasi yake.

Umesema mmoja wao ni mgeni wa nchi, yupo kwa kibali cha masomo. Mwulize kibali chake kinamruhusu kufanya kazi saa ngapi. Nchi nyingi zina kikomo: Marekani na Uingereza ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na Marekani kwa kawaida ni kazi za ndani ya chuo, Australia ni saa 48 kwa wiki mbili, Kanada walipandisha hadi 24 mwishoni mwa 2024. Akizidisha anaweza kupoteza kibali, na kikipotea yeye ataondoka nchini na robo yake ya kodi itabaki mezani kwenu. Simsemi vibaya. Nasema tu asiahidi kodi ambayo kibali hakimruhusu kuichuma.

Ukienda kuangalia chumba, nenda mara mbili, na mara ya pili iwe jioni baada ya watu kurudi. Fungua bomba wakati huo, ndipo utajua kama maji yanapanda. Mita ya umeme ikiwa moja kwa nyumba nzima, uliza bili inagawanywaje. Sogeza kabati litoke ukutani. Niliwahi kuonyeshwa chumba kizuri, rangi mpya, nikakipenda. Nilipovuta kabati nikakuta rangi imepakwa hadi pale kabati lilipoanzia, na nyuma yake ukuta ulikuwa na ukungu mweusi mpana kama mkeka, ukiugusa unabanduka vidoleni. Mwenye nyumba akasema ni vumbi. Ukikubali chumba, kabla hujaingiza hata begi piga picha kila kona, kila ufa, soketi zilizolegea na namba za mita, umtumie siku hiyohiyo ili tarehe ionekane. Dipoziti nyingi hupotelea kwenye ubishi wa "ulikuta hivi au ulivunja wewe?"

Na usilipe hata senti kwa chumba ambacho hujaingia ukafungua mlango kwa ufunguo wake. Yule "mwenye nyumba" aliye safarini, anayetaka utume dipoziti kwanza ndipo ufunguo uje kwa posta, hana nyumba. Kazi inayoanza kwa kukutoza ada ya usajili ni ndugu yake.

Kazi yenyewe sitaki kukuchagulia, ila nina upendeleo wangu na nitausema: tafuta kazi isiyochosha sana akili na iliyo karibu. Meza ya maktaba, mapokezi, kuangalia maabara jioni, mahali ambapo watu wakipungua unafungua daftari. Kufundisha wanafunzi wadogo hulipa vizuri kwa saa, lakini hesabu na muda wa kujiandaa ambao hakuna anayekulipa. Kabla ya kukubali, muulize anayepanga zamu swali moja: "Wiki za mitihani mnafanyaje?" Mwenye kuajiri wanafunzi kila mwaka atakuwa na jibu tayari. Anayeshangaa swali, kaa naye mbali. Wakikuita zamu ya majaribio, uliza kama inalipwa. Saa moja ya kuonyeshwa kazi, sawa; siku tatu za bure, hapana. Na saa zako ziandike mwenyewe kwenye kidaftari kila siku, kuingia na kutoka. Kwenye ule mgahawa wangu saa zilikuwa zikipungua kila mwisho wa mwezi, nami sikuwa na cha kuonyesha.

Jambo la fedha ya kuanzia nusura nilisahau. Kodi hulipwa mwanzo wa mwezi, mshahara huja mwisho wake, pengine mwezi unaofuata. Kwa hiyo ukiingia unahitaji kodi ya kwanza, dipoziti, na ya kula mwezi mzima kabla kazi haijakupa kitu. Ndiyo maana, kama unalazimika kutanguliza kimoja, tanguliza kazi, hata ya saa 6 kwa wiki, ukiwa bado bwenini ambako hujaanza kudaiwa. Umebakiza miezi minne. Ikishatulia utajua unatoka saa ngapi, basi lipo au halipo, na chumba utakitafuta kuizunguka.

Nitumie hesabu yako ya saa 168 kabla ya Jumamosi, kisha picha ya mkataba, kurasa zote, na ule upande wa nyuma wenye maandishi madogo. Usisaini mbele ya mtu anayeangalia saa yake. Mwambie kwamba mama yako bado hajausoma. Akicheka mwache acheke.

Baba yako anasema ile meza yako ya kusomea bado ipo stoo na anaweza kuituma ikipatikana gari. Pima kwanza upana wa mlango.

Akupendaye,
Mama